Je, Kilichojaribiwa Ndicho Kilichotolewa?

Mwanafunzi akiniuliza tofauti kati ya taasisi inayojipima na taasisi inayojisifu, humpa mfano wa silaha mbili za jeshi la Marekani: bastola iliyopitishwa mwaka 1911 na bunduki iliyopelekwa Vietnam nusu karne baadaye.

Bastola hiyo ina asili ya kikoloni. Baada ya kuitwaa Ufilipino kutoka kwa Hispania mwaka 1898, Marekani ilijikuta vitani na wenyeji ambao hawakuwa wameomba mtawala mpya. Katika visiwa vya kusini, maafisa walilalamika kwamba wapiganaji wa Kimoro waliendelea kuwajia hata baada ya kupigwa risasi za .38. Mwaka 1904, Kapteni John Thompson na daktari wa jeshi, Meja Louis LaGarde, walizijaribu risasi mbalimbali kwa kufyatulia maiti za binadamu na ng'ombe wa machinjio ya Chicago. Walipendekeza risasi yenye kipenyo kisichopungua inchi 0.45. Tusilipambe jambo hili: dola ilikuwa ikitafuta namna bora ya kuwaua watu waliotetea nchi yao.

Hata hivyo, ukubwa wa risasi ulijibu nusu tu ya swali. Bastola ya silinda huzungushwa kwa nguvu ya kidole. Risasi moja ikigoma, mpigaji huvuta tena na kuifikia inayofuata. Bastola inayojijaza yenyewe hutegemea nguvu ya risasi ili kutupa ganda lililotumika na kuingiza risasi nyingine. Nguvu hiyo ikipungua, mwendo haukamiliki na silaha hukwama. Kwa hiyo risasi si mzigo unaobebwa na mtambo. Ni sehemu ya mtambo wenyewe. Kuijaribu bastola bila risasi itakayotumiwa nayo ni sawa na kutoijaribu.

Jeshi lililielewa hilo. Machi 1911, bastola ya Colt iliyobuniwa na John Browning ilishindanishwa na ya kampuni ya Savage. Kila moja ilifyatua risasi 6,000 kwa muda wa siku mbili. Baada ya kila risasi 100 iliachwa ipoe. Baada ya kila 1,000 ilisafishwa na kutiwa mafuta. Kisha zililishwa risasi zilizoharibiwa kwa makusudi, zikatiwa kutu, zikafukiwa katika mchanga na matope. Katika zile risasi 6,000, Savage ilipata hitilafu 37. Colt haikupata hata moja. Ilipitishwa mwezi huohuo, ikabaki bastola rasmi ya jeshi hilo hadi mwaka 1985.

Sasa tutazame bunduki ya M16. Eugene Stoner aliibuni na kuijaribu kwa risasi zenye aina fulani ya baruti. Mwaka 1964, baada ya ugumu wa kuipata baruti hiyo kwa wingi ndani ya vipimo vilivyowekwa, jeshi liliidhinisha nyingine. Baruti mpya iliongeza kasi ya mtambo na kuacha masizi mengi zaidi. Chemba haikuwa imepakwa kromiamu, na askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia. Bunduki zikakwama katikati ya mapigano. Vijana waliandika barua nyumbani kueleza kwamba wenzao walikutwa wamekufa kando ya bunduki zilizogoma.

Linaloniuma zaidi ni jambo la kiofisi. Kiwanda kilipoona kwamba kwa baruti mpya bunduki zinavuka kikomo cha risasi 850 kwa dakika, kiliruhusiwa kufanya ukaguzi wa kupokelewa kwa kutumia baruti tofauti. Bunduki zikafaulu kiwandani kwa risasi moja, zikapelekwa vitani na nyingine. Kila karatasi ilikuwa na saini yake. Mwaka 1967, kamati ya Bunge la Marekani iliyoongozwa na Richard Ichord ilisema kwamba kushindwa kwa wakuu wa jeshi kurekebisha kasoro za risasi hizo kulikaribia uzembe wa jinai.

Ndugu mtumishi wa umma, huhitaji kuipenda silaha ili uyaone haya katika kazi yako. Sampuli ya zabuni hupimwa, mzigo mwingine hushushwa ghalani. Mtambo huidhinishwa na kipuri kimoja, hufungwa na kingine kilichopatikana kwa urahisi. Hati ya ukaguzi hubaki ileile, ilhali kitu kilichokaguliwa hakipo tena.

Nawe mwanaharakati, usitosheke na jibu kwamba majaribio yalifanyika. Dai kuonyeshwa yalifanyika kwa kitu gani, na kama ndicho hichohicho kilichomfikia mwananchi. Mwaka 1911 swali hilo lilijibiwa kwenye uwanja wa majaribio. Lilipokwepwa miaka ya 1960, kijana aliye vitani ndiye aliyegeuzwa mjaribiwa, bila yeye kujua.