Chai ya Kericho na Misukosuko ya Pakistan

Kilimo cha chai ya biashara kilishika kasi Kericho katikati ya miaka ya 1920, kampuni za Brooke Bond na James Finlay zilipofungua mashamba makubwa katika ardhi waliyonyang'anywa Wakipsigis. Pakistan, ambayo leo ndiyo mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya, haikuwapo bado. Ilizaliwa Agosti 1947 ikiwa na pande mbili, India ikiwa katikati. Chai iliyonywewa Karachi na Lahore ilitoka hasa upande wa mashariki, kwenye vilima vya Sylhet.

Siasa ndiyo iliyoukata uhusiano huo. Mwaka 1970 chama cha Awami League cha Sheikh Mujibur Rahman, chenye ngome yake mashariki, kilishinda uchaguzi, lakini watawala wa kijeshi wakakataa kukabidhi madaraka. Yakafuata mauaji na vita. Tarehe 16 Desemba 1971 jeshi la Pakistan lilisalimu amri mjini Dhaka, na mashariki ikawa Bangladesh. Pakistan ilipoteza zaidi ya nusu ya watu wake, na pamoja nao mashamba ya chai. Ikabidi inunue nje: Sri Lanka, kisha zaidi na zaidi Kenya, kupitia mnada uliokuwa umehamia Mombasa mwaka 1969.

Chai ya Kericho na Bomet iliwafaa Wapakistani kwa jinsi wanavyoipika. Majani mawili na chipukizi huchumwa, hunyaushwa, kisha hukatwa, kupondwa na kukunjwa kwa mashine mpaka yawe punje ndogo. Punje hizo hutokoswa kwa muda mrefu ndani ya maziwa na sukari bila kupoteza rangi wala ukali. Chai ya namna hiyo hunywewa na tajiri na kibarua, ofisini na kwenye vibanda vya madereva wa malori.

Pakistan yenyewe haikutulia. Jeshi lilipindua serikali mwaka 1958, 1977 na 1999, na hakuna waziri mkuu aliyewahi kumaliza muhula wa miaka 5. Waziri mkuu Imran Khan aliondolewa na bunge Aprili 2022, uchumi ukiwa tayari unayumba. Miezi miwili baadaye waziri Ahsan Iqbal aliwaomba wananchi wapunguze kikombe kimoja au viwili vya chai kwa siku ili kuokoa dola. Mapema mwaka 2023 akiba ya fedha za kigeni ilishuka chini ya dola bilioni 3, benki zikashindwa kuwalipia waagizaji, na shehena zikakwama bandarini Karachi.

Pigo la namna hiyo humfikia mkulima mdogo wa Litein, Kericho, au Mogogosiek, Bomet, katika bonasi, malipo ya mwisho wa mwaka yanayotegemea bei ya mnada. Ndiyo ada ya shule na deni la mbolea. Kumwachia mkulima mdogo hatari ya kutegemea soko moja si haki. Serikali na KTDA, shirika linalosindika na kuuza chai ya wakulima wadogo, zina wajibu wa kumtafutia wanunuzi wengine, na kumweleza waziwazi kila mwaka chai yake imeuzwa wapi na kwa bei gani.