Nirushie au Nielekeze

Kijana wa Mwandiga akiona kwa mwenzake video iliyomfurahisha, ana namna mbili za kuiomba. Anaweza kusema "nirushie", na video ikahama simu hadi simu kwa Bluetooth, au kwa WhatsApp kama bando lipo. Au anaweza kusema "nielekeze ilipo", akapewa linki, au walau jina la aliyeitengeneza, akaenda kuitafuta mwenyewe. Vitenzi hivi viwili vinafanana kwa matokeo tu. Kitu kilichorushwa hudakwa, na anayekidaka haulizi kimepita mikono mingapi. Aliyeelekezwa hufika mlangoni, na mlango una mwenyewe. Nina hoja kwamba adabu ya kuelekezana kwenye kazi za mashabiki, yaani video ambazo mtu huzitengeneza kwa mapenzi yake juu ya filamu au wimbo wa mwingine, haikuja na simu. Katika mwambao huu wa Ziwa Tanganyika adabu hiyo ina historia ndefu, na muda wote imesimama juu ya sharti moja: jina la mfanyaji lisafiri pamoja na kazi yake, na anayeipitisha ajihesabu kuwa mdhamini wa jina hilo.

Mwandiga yenyewe ni mji wa kupitisha vitu. Ukitoka Kigoma mjini, hapo ndipo njia inapogawanyika, moja ikielekea Kasulu na nyingine Manyovu, kwenye mpaka wa Burundi. Kusini iko Ujiji, ambako katika karne ya 19 mzigo uliotoka pwani ulifika baada ya miezi mingi mabegani mwa wapagazi, na aliyeandikiwa mzigo huo mara nyingi hakuwapo kuupokea. Biashara nzima iliegemea kwenye kumbukumbu na uaminifu wa mpokeaji. Kisa kinachojulikana zaidi ni cha mwaka 1871. John Kirk, akiwa Unguja katika ubalozi mdogo wa Uingereza, alikuwa amempelekea mvumbuzi Livingstone bidhaa za kumsaidia. Livingstone alipowasili Ujiji mwezi Oktoba, mgonjwa na mchovu, akitokea Manyema, alikuta mtu aitwaye Sherif, aliyekabidhiwa mali hiyo, ameshaiuza yote, kwa maelezo kwamba alitazamia katika msahafu akaona mwenye mali amekwisha kufa. Muda mfupi baadaye akatokea Stanley, mwandishi wa habari aliyetumwa kumtafuta, na dunia ikakumbuka salamu ya Stanley ikasahau mali iliyouzwa. Mimi mali ndiyo inayonivuta zaidi, kwa sababu udhuru wa Sherif bado tunao. Siku hizi hatusemi mwenyewe amekufa. Tunasema mwenyewe hajulikani.

Video ziliingia katika mazingira hayo ya kupitishiana vitu. Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, lakini deki na kanda zilishaingia muongo mmoja kabla, hasa baada ya serikali kuruhusu mwaka 1984 watu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa. Kanda moja na televisheni moja vilitosha kukalisha watu kwenye mabenchi chini ya paa la bati, na nchi nzima ikapata neno lake: kibanda umiza. Filamu nyingi zilizoonyeshwa humo zilikuwa za Hong Kong, India na Marekani, katika lugha ambazo wengi wa watazamaji hawakuzisikia vizuri. Hapo ndipo alipohitajika mtu wa kueleza. Kapteni Derek Gaspar Mukandala, aliyejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, ndiye anayetajwa mara nyingi kama mwanzilishi wa kazi hiyo nchini: kukaa kando ya picha na kuisimulia kwa Kiswahili, kisha kurekodi sauti yake juu ya kanda na kusambaza nakala. Uganda walikuwa na wasimulizi wao, walioitwa maviijei, Kenya baadaye ikampata DJ Afro, na Dar es Salaam akasikika DJ Mark. Wanachofanya si tafsiri ya neno kwa neno. Huongeza utani, hubadili majina ya miji, humpa jambazi wa Hong Kong lafudhi ya mtaani. Mwanaanthropolojia wa Ujerumani, Matthias Krings, alipoandika makala juu ya sanaa hii aliiita kazi ya kugeuza wali kuwa pilau, na sijaona mfano unaoifaa zaidi. Wali ni wa mtu mwingine, hilo hakuna anayelikana, lakini binzari na mdalasini vina mpishi wake.

Sasa tazama jinsi watazamaji walivyopendekezeana pilau hilo. Filamu ileile iliweza kusimuliwa na watu wawili, na mpenzi wa filamu aliyejua mambo hakumwambia mwenzake "katazame ile ya mapigano". Alimtajia msimulizi. Filamu ikawa "ya Lufufu" kama kanzu inavyokuwa ya fundi fulani ingawa kitambaa kimetoka kiwandani. Kumtaja msimulizi hakukuwa heshima tupu. Kiingilio cha kibanda kililipwa kabla ya picha kuanza na hakikurudishwa, kwa hiyo aliyekuelekeza vibaya alikupotezea hela, na alipoongea mara nyingine hukumsikiliza tena. Jina lilimlinda mtazamaji kabla ya kumlinda msanii. Hapa natofautiana kidogo na wanaodhani kutaja chanzo ni sadaka ambayo mwema humpa msanii maskini. Kwenye vibanda ilikuwa hesabu ya pande tatu: msimulizi alipata sifa, mtazamaji alijua anachonunua, na yule wa kati alijijengea sifa ya kuwa mtu wa kuulizwa.

Mpinzani wa kwanza atacheka. Atasema wasimulizi wenyewe walichukua filamu za watu bila kubisha hodi, basi mwizi anadai jina lake litajwe kwenye mali ya wizi? Kisheria ana pa kusimamia. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inaihesabu tafsiri kuwa haki ya mtunzi wa kazi ya asili, na mwaka 2013 filamu na muziki uliouzwa kwenye CD na DVD vilianza kutakiwa kubandikwa stempu za kodi, jambo ambalo mchomaji wa CD wa uchochoroni hakulifikiria hata kidogo. Lakini sheria na adabu hazijibu swali moja. Sheria inauliza nani ana haki ya kuuza. Adabu inauliza kama umesema kweli kuhusu kilichofanywa na nani. Anayetuma filamu ya msimulizi akakata sauti inayomtambulisha hajamrudishia mwenye filamu chochote. Amepunguza ukweli tu, kutoka majina mawili hadi moja au hakuna. Kama dhuluma ya kwanza inatuudhi, basi dawa yake ni kutaja wote wawili, mwenye wali na mwenye binzari, na mwenye wali akitaka kushtaki walau atajua pa kuanzia.

Mpinzani wa pili ana uzito zaidi, kwa sababu anazungumza kutoka mfukoni. Linki hula bando kila inapofunguliwa, faili likisharushwa hutazamwa mara mia bure. Kigoma ilikaa nje ya gridi ya taifa, ikiendeshwa kwa majenereta ya dizeli, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2020, na mtu aliyezoea kubana umeme na vocha hawezi kulaumiwa kwa kupenda kadi ya memori kuliko mtandao. Nakubali. Ningesema hata zaidi: bila kadi za memori, flashi na vijana wa vibanda vya kuingizia nyimbo, kazi nyingi za mashabiki zisingefika kabisa kwenye miji midogo. Ila hoja hii inatetea kurusha, haitetei kufuta. Jina halili bando. Faili likiandikwa jina la aliyelitengeneza halizidi uzito, na ujumbe wa maneno matatu unaosema "kazi ya fulani" haumfilisi mtu. Magazeti yetu yalizoea zamani kuandika chini ya picha "kwa hisani ya" na kumtaja mpigaji. Ulikuwa utaratibu mdogo na mzuri. Siku hizi tunakuta imeandikwa "kwa hisani ya mtandao". Mtandao haujawahi kupiga picha. Huyo ni Sherif amerudi, safari hii kavaa suti.

Pingamizi la tatu ndilo ninaloliona gumu, nalo linatoka upande wa watu wenye adabu hasa. Wanauliza: je, kumtaja na kumwelekezea umati mtu aliyetengeneza video kwa ajili ya marafiki zake si kumvunjia heshima? Yapo mapendekezo yanayomwinua mtu. Kili Paul na dada yake Neema walijulikana mwaka 2021 kwa video fupi ambamo, wakiwa na mavazi yao ya Kimaasai, waliigiza kuimba nyimbo za filamu za Kihindi. Februari 2022 waziri mkuu wa India, Narendra Modi, aliwataja kwa majina katika hotuba yake ya redio, na ubalozi wa India nchini ukamheshimu Kili. Hapo mwenye nyimbo na mwenye video wote walitajwa, na hakuna aliyepunguzwa. Lakini ndugu hao walikuwa wameshajiweka uwanjani. Tofauti ni kwa kijana asiyefahamika aliyesimulia filamu kwa utani nyumbani kwao. Tangu kanuni za maudhui ya mtandaoni za 2018, zilizodai leseni na ada kwa watoa huduma wa aina fulani, kuonekana na wengi si neema tupu. Mtazamaji mmoja kati ya elfu kumi aweza kuwa ofisa, au wakili wa mwenye filamu. Kwa hiyo nadhani kanuni ya jina lazima itanguliwe na hodi. Aliyeiweka kazi hadharani, mwelekezee watu na umtaje. Aliyekutumia wewe, muulize kwanza, na akikataa, isimame kwako, maana kuirusha bila jina kwa kisingizio cha kumficha ni kumnyang'anya mara mbili.

Wasimulizi wa vibanda walijua kwamba hodi hiyo haitapigwa kila mara. Walijua kanda itanakiliwa, nakala itanakiliwa tena, mwanzo utaliwa na mashine chakavu na mwisho utakatwa ili picha nyingine ienee. Ndiyo maana wengi wao hawakuliacha jina kwenye utangulizi peke yake. Walilipenyeza katikati, adui akiwa bado anaanguka kutoka ghorofani, mahali ambapo hakuna mkata kanda angethubutu kugusa bila kuharibu picha.