Antonio de Torres na Siri ya Gitaa: Elimu ya Mkono na Namna Inavyosomwa

Miongoni mwa mambo yanayomtatiza mwanahistoria wa sanaa za mikono ni kwamba mafundi wengi hawakuandika. Mfalme huacha barua na mikataba, mfanyabiashara huacha daftari. Fundi huacha kile alichokitengeneza, na mara nyingi kitu hicho hutumiwa hata kikavunjika. Kwa sababu hiyo pengo lililoko katika habari za mafundi hujazwa na hadithi, na hadithi inayopendwa kuliko zote ni ile ya siri: kwamba fundi bora alikuwa na siri yake, kwamba aliificha, na kwamba alikwenda nayo kaburini. Makala haya yanaichunguza hadithi hiyo kwa kumwangalia fundi mmoja, Antonio de Torres Jurado wa Hispania, aliyetengeneza magitaa kwa mkono katika karakana ndogo katika karne ya 19. Itaonekana kwamba kile kilichoitwa siri kimebaki wazi katika kazi zake kwa yeyote ajuaye kuzisoma, na kwamba kilichopotea hasa ni kitu kingine kabisa.

Kabla ya kumwendea fundi mwenyewe, yafaa jina la kazi yake litazamwe. Neno gitaa limeingia katika Kiswahili kutoka Kiingereza, lakini Kiingereza nacho kililiazima. Wahispania husema guitarra, na neno hilo lilitokana na Kiarabu qitara, ambalo asili yake ni Kiyunani kithara. Udi nao ulisafiri vivyo hivyo: al-ud ya Waarabu iligeuka kuwa laúd huko Hispania, na ala ile ile ikafika pwani ya Afrika ya Mashariki kwa njia nyingine, na kuitwa udi bila ya kubadilika sana. Hata mji wa Almería, ambao pembeni mwake Torres alizaliwa mwaka wa 1817, una jina la Kiarabu. Ulijengwa na Waislamu katika karne ya 10, na ulitoka mikononi mwao moja kwa moja mwaka wa 1489. Kwa hiyo historia ya gitaa si ngeni mno kwa msomaji wa Kiswahili kama inavyodhaniwa.

Torres hakuanza kazi kama mtengenezaji wa ala za muziki. Alipokuwa na umri wa miaka 12 aliwekwa kwa seremala ili ajifunze useremala. Alioa akiwa bado kijana, akafiwa na watoto, kisha akafiwa na mkewe mwaka wa 1845. Na umaskini na madeni havikumwacha kwa miaka mingi. Baadaye alihamia Sevilla, na huko, katika miaka ya 1850, aligeukia magitaa kwa moyo wote. Mpigaji mashuhuri Julián Arcas anatajwa kuwa ndiye aliyemhimiza kuifanya kazi hiyo kuwa riziki yake. Mwaka wa 1856 alitengeneza gitaa linalojulikana hadi leo kwa jina la La Leona, na mwaka wa 1858 akapata nishani ya shaba katika maonyesho ya Sevilla. Walakini sifa haikumpatia mali. Yapata mwaka wa 1870 alirudi Almería, akafungua duka la vyombo vya udongo na vya kioo, akaiacha kazi ya magitaa kwa muda. Alipoirudia mwaka wa 1875, alianza kuyapa magitaa yake hesabu mpya na kuandika katika karatasi zilizobandikwa ndani yake kwamba hicho ni kipindi cha pili. Aliendelea hivyo mpaka alipofariki mwezi wa Novemba 1892.

Ili kuelewa alichokifanya, sharti ijulikane gitaa lilivyokuwa kabla yake. Mwanzoni mwa karne ya 19 gitaa lilikuwa dogo, lenye kiuno chembamba na sauti nyororo isiyofika mbali. Lilifaa sebuleni kuliko ukumbini. Torres alilipanua, hasa sehemu yake ya chini, na kulipa uso mwembamba wenye mbinuko mdogo usioonekana upesi. Urefu wa uzi unaopigwa, kutoka shingoni hadi darajani, aliupendelea uwe milimita 650 hivi, na kipimo hicho ndicho cha kawaida hata sasa.

Ndani ya gitaa, chini ya uso, mna vijiti vyembamba vilivyobandikwa kwa gundi ili kuutia nguvu. Kwa vijiti hivi neno taruma lafaa sana, kwa kuwa mafundi wa majahazi wamelitumia tangu zamani kwa mbao zinazoimarisha chombo kwa ndani. Torres aliyapanga mataruma saba kama kipepeo kilichokunjuliwa, yakianzia karibu na tundu la sauti na kutawanyika kuelekea chini. Wengi wamesema kwamba yeye ndiye aliyebuni mpango huo. Kauli hiyo si sahihi. Mafundi wa Sevilla na Cádiz walikuwa wakitumia mataruma ya namna hiyo tangu katika karne ya 18, ingawa kwa kawaida yalikuwa machache zaidi. Alichofanya Torres ni kuyachukua yaliyokuwako, kuyapima, kuyapatanisha na ukubwa wa chombo na wembamba wa uso, na kuyafanya yote yawe mwili mmoja. Fundi mkuu si lazima awe mvumbuzi. Aweza kuwa yule aliyeona jinsi mambo yaliyotawanyika yanavyohusiana.

Kazi yenyewe ilikuwa ya subira. Kwa uso, fundi alichagua ubao wa sprusi, mti laini wa nchi za baridi wenye mistari iliyonyooka. Akaupasua mara mbili kwa unene, akavifungua vipande kama kurasa za kitabu na kuviunga, hata mistari ya upande mmoja ikawa kama kivuli cha mistari ya upande wa pili. Kisha akaupiga randa mpaka ukabaki na unene wa milimita mbili na kitu, ukizidi kuwa mwembamba kuelekea kingoni. Mbavu na mgongo vilikuwa vya mberoshi au vya mti mgumu wa Brazili ulio wa jamii moja na mpingo wa Afrika ya Mashariki. Mbavu zililoweshwa na kukunjwa kwa chuma cha moto, zikachomekwa katika nyufa zilizochongwa penye shina la shingo. Na chombo chote kiliunganishwa uso ukiwa umelala chini, mgongo ukafunikwa mwisho. Gundi ilikuwa ile ya kuchemsha, itokanayo na ngozi za wanyama, na nyuzi nyembamba zilikuwa za utumbo, kwani za nailoni hazikuanza kutumika mpaka miaka ya 1940.

Lakini ni sehemu gani katika hizi zote ambayo hasa huzaa sauti? Swali hili Torres alilijibu mwaka wa 1862, na jibu lake halikuwa la maneno. Alitengeneza gitaa lenye uso wa mbao kama kawaida, bali mbavu na mgongo wake ni vya karatasi ngumu. Gitaa hilo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona. Hapana shaka kwamba fundi aliyeishi kwa madeni hakupoteza siku zake kwa mchezo. Alikuwa akitoa hoja: kwamba uhai wa gitaa umo katika uso na mataruma yake, na kwamba mbao za thamani za mgongoni, ambazo wanunuzi walizisifu na kuzilipia zaidi, si chanzo cha sauti. Hoja hiyo ina dai, ina ushahidi, na yaweza kujaribiwa na mtu mwingine. Mwanachuoni angeandika risala. Seremala alitengeneza kitu.

Hapo ndipo hadithi ya siri inapopaswa kupimwa. Chanzo chake kikubwa ni barua iliyoandikwa mwaka wa 1931 na padre mmoja, Juan Martínez Sirvent, aliyemfahamu Torres uzeeni. Padre huyo alisimulia kwamba Torres alipoulizwa juu ya siri yake alijibu kuwa hawezi kumwachia mtu, kwa sababu imo katika ncha za kidole gumba na cha shahada, ambazo huipasha akili yake habari kama uso umefikia unapotakiwa kufika. Jibu hili limetajwa mara nyingi kana kwamba ni fumbo. Likisomwa kwa makini, si fumbo hata kidogo. Hakuna vipande viwili vya mti vilivyo sawa. Kimoja ni kigumu, kingine chalegea, na kipimo kinachofaa hiki kitakiharibu kile. Fundi hupindapinda ubao vidoleni na kusikiliza unavyomjibu. Torres hakukataa kusema. Alisema kweli yote kwa maneno machache, ila wasikilizaji walitarajia kupewa namba.

Ushahidi kwamba siri haikuzikwa ni kazi za waliomfuata. Manuel Ramírez wa Madrid na mafundi wa karakana yake, akina Santos Hernández na Domingo Esteso, walifuata mpango wake. Na gitaa lenye jina la Ramírez, la mwaka wa 1912, ndilo alilolipiga Andrés Segovia kwa miaka mingi. Hermann Hauser wa München, Ujerumani, naye aliyachunguza magitaa ya Kihispania na kuacha mtindo wa kwao, hata gitaa lake la mwaka wa 1937 likawa chombo cha Segovia. Mwaka wa 1987 José Luis Romanillos, mwenyewe fundi wa magitaa, alichapisha kitabu juu ya maisha na kazi za Torres, chenye vipimo vya magitaa yake yaliyosalia. Watu hawa waliyasoma magitaa kama mwanafasihi asomavyo muswada wa kale: kwa kuchungulia ndani, kupima, kulinganisha na kuiga.

Hata hivyo kuna kilichopotea. Kitu kilichotengenezwa hueleza fundi alifanya nini. Hakielezi aliita nini kila hatua ya kazi, alisitia wapi, wala alimwambia mwanafunzi maneno gani alipokosea. Barua ya padre iliandikwa miaka 39 baada ya fundi kufariki. Maneno ya karakana ya Almería, yaliyokuwa sehemu ya elimu yenyewe, hayakuandikwa na mtu yeyote alipokuwa hai.

Jambo hili lawahusu wataalamu wa lugha za Kiafrika moja kwa moja. Msamiati wa ufundi huzaliwa mezani pa kazi. Wahispania huiita shingo ya gitaa mástil, yaani mlingoti, wakiazima kwa mabaharia. Na Kiswahili, ambacho kilipokea gitaa likiwa limekwisha kutengenezwa, kilipata jina la kitu kizima bila ya majina ya viungo vyake. Kinyume chake, jahazi lililoundwa pwani limekipa Kiswahili mkuku, fashini, taruma, foromali na mengi mengineyo, kwa kuwa kila kipande kilipita mikononi mwa msemaji wa lugha hii. Mafundi wa vyombo, wa milango ya nakshi na wa ala za muziki wangali wapo. Kazi zao zitasomwa na vizazi vijavyo, kama magitaa ya Torres yalivyosomwa. Lakini maneno yao hayakai ndani ya mbao. Atakayeyataka itambidi akae karibu na randa, wakati fundi angali akisema.