Waliochora na Waliochoma

Juu ya kilima karibu na mji wa Stroud, Uingereza, lipo kanisa la Watakatifu Wote la Selsley, lililokamilika mwaka 1862. Aliyeligharamia ni Samuel Marling, tajiri wa viwanda vya nguo za sufu. Aliyelisanifu ni G. F. Bodley. Madirisha yake ya vioo vya rangi ndiyo ninayoyatafiti katika tasnifu yangu ya uzamili. Ni miongoni mwa kazi kubwa za mwanzo za kampuni ya William Morris na wenzake, iliyoanzishwa London mwaka 1861.

Vitabu huyagawa madirisha hayo kwa majina: hili la Rossetti, lile la Burne-Jones, lile la Madox Brown. Lakini kazi ya Rossetti iliishia kwenye karatasi. Alichora picha yenye ukubwa sawa na dirisha, akaikabidhi kwa mafundi. Kuanzia hapo ilikuwa kazi ya mikono mingine. Rangi ya kioo haipakwi juu. Imo ndani yake tangu kilipoyeyushwa, kobalti ikileta buluu na manganizi zambarau. Fundi huchagua vioo na kuvikata kwa kufuata mchoro. Macho, vidole na mikunjo ya nguo huchorwa kwa rangi nzito ya kahawia, kisha vipande huchomwa kwenye tanuri ili rangi ishike. Mwisho huunganishwa kwa risasi. Mstari mweusi wa risasi ukipita pabaya, uso wa mtakatifu umeharibika.

Katika dirisha la Mahubiri ya Mlimani, Rossetti aliwatumia jamaa na marafiki zake kama mifano ya nyuso. Inasimuliwa kuwa Bikira Maria ana sura ya dada yake Christina, Petro ana sura ya Morris, na Yuda ana sura ya Gambart, mfanyabiashara wa picha. Hata mtu waliyemkejeli alipata uso kanisani.

Kampuni hiyo iliajiri pia wavulana kutoka makao ya watoto maskini yaliyokuwa barabara ya Euston. Walifundishwa ufundi katika karakana ya Red Lion Square. Uso wa mmoja wao siujui katika dirisha lolote.

Ndiyo maana jedwali langu la madirisha ya Selsley lina safu mbili: aliyechora na waliotengeneza. Ya kwanza imejaa. Ya pili karibu yote ni tupu, na msimamizi wangu ameniuliza kwa nini nisiifute, maana safu tupu haimwambii msomaji kitu. Mimi naona inamwambia kwamba kulikuwa na watu pale. Nikiifuta, atadhani Rossetti alichoma vioo mwenyewe.

Safu hiyo nimeiacha.