Piano ya zamani inawaka lakini haitoi sauti: namna ya kutafuta kosa

Jumapili asubuhi, koro imesimama. Mpigaji anawasha piano, taa zinawaka, maandishi yanaonekana kwenye kioo kidogo. Anabonyeza: kimya. Anapandisha volume mpaka mwisho, anagonga kifuniko kwa mkono, sauti inaruka mara moja kisha inapotea tena. Wakaaji wengi wa Goma, Bukavu, Bunia ao Uvira wamekwisha kuona jambo kama hilo kanisani, kwenye arusi ao kwenye mazoezi ya orchestra.

Mara mingi watu wanasema palepale: "Imeungua ndani, imekufa." Lakini kwenye piano za umeme za miaka ya 1980 na 1990, zile zinazoitwa sintetizeri, kosa la sauti mara mingi liko mwishoni mwa njia: kwenye kable, kwenye tundu la jaki, kwenye volume, ao upande wa umeme. Vipande hivyo ni vya bei ndogo na vinapatikana. Vile visivyopatikana tena ni vipande vinavyozaa sauti yenyewe, na mara nyingine vinauliwa na mtu aliyeanza kazi pa ndani kabisa. Kwa hiyo kanuni ni moja: anza nje, ingia ndani polepole.

Sauti inapita wapi

Tuchukue mfano wa Yamaha DX7, iliyotoka mwaka 1983 na kujulikana duniani pote. Iko na vibonyezo 61 na inaweza kutoa noti 16 kwa wakati mmoja. Ndani yake, vipande viwili vya Yamaha, YM21280 na YM21290, vinahesabu sauti kama namba. Namba hizo zinaingia katika kipande kinachozigeuza kuwa umeme wa sauti. Kisha umeme huo unapita kwenye vichujio na viampli vidogo, unapita kwenye volume ya kuteleza, na mwisho unatoka kwenye jaki ya nyuma. DX7 haina bafle zake ndani.

Piano za nyumbani, kama zile za Yamaha PSR, zina hatua mbili zaidi: ampli ya ndani na bafle ndogo mbili. Tena, tundu la kaske (vile vya kusikilizia masikioni) lina ulimi wa chuma ambao unakata bafle za ndani kila mara fishi inapoingia. Ulimi huo ndio unaoleta makosa mengi, kama tutakavyoona.

Kabla ya kushika turnevisi

Pima mambo haya kwanza, juu ya kuokoa wakati na feza:

1. Badilisha kable. Chukua ile inayofanya kazi sasa hivi kwenye gitaa ao miksa. Kable inavunjika pale inapoingia kwenye fishi, na kwa macho haionekani.

2. Ingiza kaske. Kama sauti iko kwenye kaske lakini haiko kwenye bafle za ndani, piano ni nzima. Kosa liko kwenye ulimi wa tundu la kaske ao kwenye ampli ya ndani.

3. Ondoa pedali zote. Pedali ya volume iliyoharibika inaweza kufunga sauti yote, na mtu akafikiri piano ndiyo imekufa.

4. Piga wimbo wa mfano ulio ndani ya piano, kama uko. Ikiwa wimbo unasikika lakini vibonyezo havitoi kitu, njia ya sauti ni nzuri. Kwenye piano nyingi zenye MIDI kuna sehemu inayoitwa Local. Ikiwekwa Off, vibonyezo vinaacha kuamuru sauti ya ndani. Irudishe On.

5. Badilisha sauti. Chagua nyingine tano ao sita. Kama moja tu ndiyo iko kimya, kosa liko kwenye kumbukumbu, si kwenye nyaya.

Sikiliza kosa lenyewe

Kosa linajieleza kwa namna linavyosikika.

Sauti inayokatika wakati fishi inachezeshwa: jaki imelegea, ao bati lililoishikiza kwenye sahani limepasuka. Hii ndiyo kosa la kawaida kuliko yote.

Mkwaruzo wakati volume inasogezwa: vumbi limeingia kwenye njia ya kaboni. Goma, ambako vumbi jeusi la mawe ya volkano linaingia kila mahali, mashine isiyofunikwa inapata kosa hili mapema.

Ngurumo inayobadilika ukigusa chuma cha fishi: masi imekatika kwenye kable ao kwenye jaki.

Ngurumo isiyobadilika hata volume ikiwa chini: kapasita kubwa za upande wa umeme zimekauka. Kwenye umeme wetu wa hertz 50, ngurumo ya aina hii mara mingi inakuwa ya hertz 100, kali kidogo kuliko ile ya masi.

Noti moja inayopotea kila baada ya noti kadhaa: hapa inategemea mashine. Roland Juno-106 ya mwaka 1984 iko na sauti sita, kila moja na kipande chake kinachoitwa 80017A. Kipande kimoja kikifa, kila noti ya sita inanyamaza ao inakwaruza. Kwenye DX7 noti zote 16 zinapita katika vipande vilevile kwa zamu, kwa hiyo hazipotei hivyo. Kosa la vipande hivyo linagusa sauti yote pamoja.

Upande wa umeme

Kioo kinachowaka hakihakikishi kwamba sauti inapata umeme. Mashine nyingi za wakati ule zinatumia volti 5 kwa sehemu inayohesabu, na umeme mwingine kwa viampli vidogo: kwenye nyingi, volti 15 za kujumlisha na volti 15 za kutoa. Moja ya hizo ikikosekana, taa zinawaka kama kawaida, lakini sauti inakuwa kimya ao inatoka imeharibika. Ndiyo sababu fundi mzuri anapima volti hizo kabla ya kugusa kipande chochote.

Kosa lingine linaanzia sokoni. Piano iliyotumika Japani inataka volti 100, ile ya Marekani inataka volti 120. Kwetu prizi inatoa 220. Soma kibandiko cha nyuma kabla ya kuchomeka. Kama fuzibli imekatika, usiweke waya mahali pake. Tafuta sababu, kisha weka fuzibli ya ampere zilezile.

Angalisho pia kwa transfo ndogo za nje. Piano nyingi za Yamaha PSR zinataka volti 12, na alama ya kujumlisha iko katikati ya fishi. Casio nyingi za zamani zinataka volti 9, na katikati ni alama ya kutoa. Fishi zinaweza kuingia vilevile, lakini umeme umepinduliwa. Katika kanisa lenye piano mbili, kuandika jina la piano juu ya kila transfo ni kazi ya dakika moja.

Kufungua bila kuharibu

Toa fishi kwenye prizi na ungoje dakika kadhaa, sababu kapasita kubwa zinabaki na umeme hata mashine ikizimwa. Upande ambao waya wa prizi unaingilia unaweza kuua mtu. Asiyezoea asiguse hapo hata kidogo.

Piga picha kwa telefone kila hatua. Panga visi kwenye karatasi kufuatana na mahali zilipotoka, sababu ndefu ikiingizwa pa fupi inatoboa sahani. Gusa chuma cha mwili wa mashine kabla ya kushika sahani, ili umeme wa mwilini usiue vipande. Nyaya bapa zisivutwe. Shika fishi zake. Kuta viota vya wadudu kwanza kwa brashi laini kavu.

Jaki, ulimi na volume

Angalia chini ya jaki kwa mwanga mkali. Bati lililopasuka linaonyesha duara jembamba kuzunguka mguu. Pasha moto mguu huo, ongeza bati mpya kidogo, acha ipoe bila kutikisa. Chuma cha kulehemu cha wati 30 mpaka 40 kinatosha. Chuma kinachopashwa kwenye makaa kinafaa kwa masufuria. Hapa kinang'oa njia za shaba.

Ulimi wa tundu la kaske unasafishwa kwa alkoli ya asilimia 90 ao zaidi. Ingiza na utoe fishi mara nyingi ikiwa na alkoli kidogo, na ungoje ikauke kabisa kabla ya kuwasha. Kama ulimi umepinda na haurudi, badilisha tundu lote.

Volume inahitaji dawa ya kupuliza ya kusafishia vipande vya umeme. Puliza kidogo, kisha isogeze toka mwanzo mpaka mwisho mara 20 ao 30. Mafuta ya taa, petroli, manukato na mafuta ya mashine havifai: vinavuta vumbi ao vinayeyusha plastiki.

Kufuata sauti kwa kable ya kupimia

Ikiwa jaki, volume na volti zote ni nzuri, kuna njia rahisi ya kuona sauti inakatikia wapi. Chukua kable ya zamani ya gitaa. Upande mmoja unaingia katika ampli ndogo. Upande mwingine unakatwa: waya wa nje unashikizwa kwenye masi ya piano, waya wa kati unalehemiwa kwenye kapasita ya nanofaradi 100. Mguu wa pili wa kapasita ndio unaogusa. Kapasita inazuia umeme wa moja kwa moja na kupitisha sauti tu.

Weka kitu kizito juu ya kibonyezo ili noti iendelee, punguza volume ya ampli, kisha gusa hatua kwa hatua: jaki, volume, kila kiampli kidogo, mpaka kipande kinachogeuza namba. Gusa mguu mmoja tu kwa wakati mmoja, na ukae mbali na upande wa prizi. Pale sauti inaposikika kwa mara ya kwanza, kosa liko kati ya hapo na mahali pa mwisho palipokuwa kimya. Mara nyingine ni kiampli kidogo, kama 4558, ambacho kinapatikana pia katika miksa na ampli nyingi zilizokufa. Kama ni kapasita, weka ya mikrofaradi zilezile, volti sawa ao zaidi, bila kugeuza pande zake.

Betri ya ndani

DX7 inalinda sauti zake 32 kwa betri ya CR2032 ya volti 3, iliyolehemiwa ndani. Ikiisha, kumbukumbu inajaa vitu visivyo na maana: sauti nyingine zinapiga makelele, nyingine zinanyamaza. Mtu anafikiri njia ya sauti imeharibika. Kabla ya kubadilisha betri, sauti zihifadhiwe kwa njia ya MIDI katika ordinateri ao kwenye kasha lake la kumbukumbu, sababu betri ikitoka zinafutika. Vizuri zaidi kulehemu kishikio, ili mara ya pili isihitaji moto.

Mashine nyingine, kama Korg Polysix ya mwaka 1981, zina betri ya kuchajiwa ambayo inavuja na kula njia za shaba. Betri hiyo itolewe hata kama piano inafanya kazi bado. Uchafu wake unapakwa vinegri kidogo, kisha unasafishwa kwa alkoli.

Pa kusimama

Kama kable ya kupimia haipati sauti hata kwenye kipande kinachogeuza namba, na volti ni nzuri, kosa liko kwenye vipande vya mwenye kiwanda. Hapo mtu asiende kulehemu kwa kubahatisha. YM21280 haitengenezwi tena. Mara mingi inatolewa katika mashine nyingine iliyokufa. Kwa Juno-106 hali ni nafuu, sababu vipande vipya vya kuiga 80017A vinatengenezwa leo. Afadhali kufunga mashine na visi zake zote, kuandika kwenye karatasi volti zilizopimwa na mahali sauti ilipokatikia, na kuitunza pakavu mpaka kipande ao fundi mzoefu apatikane.

Karatasi hiyo ibaki ndani ya sanduku la piano. Fundi atakayefuata ataanza kazi pale wa kwanza alipofika, na kanisa halitalipa mara mbili kwa kutafuta kosa lilelile.