Penseli za rangi: tazama moyo wake kabla hujalipa

Mama mmoja alitupigia simu katika kipindi cha asubuhi. Mwanawe wa darasa la nne anapenda sana kuchora, naye akamnunulia pakiti ya penseli 24 za rangi siku ya mnada. Siku ya tatu zilikuwa vipandevipande. Alimgombeza mtoto kwamba anakandamiza mno, na mtoto ameacha kuchora. Alituuliza kosa ni la nani. Tulimwahidi kuandika kwa urefu, maana hewani muda ulikuwa mfupi.

Mama, huenda mtoto hana kosa.

Penseli ya rangi ina mti kwa nje, na katikati kuna kijiti cha rangi ambacho hapa tutakiita moyo. (Penseli ya kawaida wazee waliiita kalamu ya risasi, ingawa ndani yake hamna risasi hata chembe.) Moyo huo ni unga wa rangi uliochanganywa na udongo laini, gundi, na nta au mafuta. Unga wa rangi ndio wenye gharama. Anayetaka kuuza kwa bei ya chini hupunguza rangi na kuzidisha udongo, na hapo penseli inakuwa ngumu, inakwaruza karatasi na kuacha alama hafifu. Mtoto anakandamiza ili rangi ionekane, moyo unakatika, halafu anagombezwa.

Kwa hiyo usihesabu rangi kwanza. Toa penseli moja, utazame kitako chake. Moyo uwe katikati kabisa ya mti. Ukiwa umeegemea upande mmoja, kichongeo kitakula mti upande huu na kuacha upande wa pili, na ncha itakatika kila ukichonga. Kisha iviringishe juu ya meza ya muuzaji. Ikirukaruka, mti umepinda, na moyo wa ndani huenda umeshapasuka.

Muombe muuzaji akuruhusu kuchora mstari kwenye kipande cha karatasi, kwa mkono mwepesi. Rangi ikubali bila kulazimishwa. Pitisha njano, kisha bluu juu yake: penseli nzuri zitakupa kijani, mbaya zitateleza tu. Muuzaji akikataa, hiyo pakiti mwachie.

Tazama pia maandishi. Watoto hutafuna penseli, hivyo tafuta neno "non-toxic", yaani haina sumu, au alama EN 71, ambayo ni kiwango cha Ulaya cha usalama wa vitu vya kuchezea. Ukiona picha ya brashi au tone la maji, hizo ni penseli zinazoyeyuka majini. Ni nzuri, ila mchoro wake ukinyeshewa mvua njiani kwenda shule, umekwisha.

Zipo penseli za wachoraji wa kazi, kama Polychromos za Faber-Castell ya Ujerumani, ambazo moyo wake ni wa mafuta, au Prismacolor, laini kwa sababu ya nta. Huuzwa hata moja moja, na bei yake inauma. Kwa mtoto wa shule hazihitajiki. Sisi tungenunua 12 zinazokubali karatasi na kuziacha 36 za kukwaruza, kwa sababu rangi nyingine zote atazipata kwa kuchanganya.

Ukishanunua, adui wa kwanza ni kuanguka. Penseli ikidondoka sakafuni, moyo hupasuka ndani bila wewe kuona, na lawama huangukia kichongeo. Adui wa pili ni kichongeo chenyewe kikiwa butu. Hicho badilisha mapema, ni rahisi kuliko pakiti mpya. Penseli za nta usiziache juani au chini ya bati la moto, kwani nta hulainika. Na mchoro uliopakwa nta nyingi ukitoa ukungu mweupe baada ya siku kadhaa, usidhani umeharibika. Futa taratibu kwa kitambaa laini.

Penseli ikibaki kipande kisichoshikika, kata mwanzi mwembamba urefu wa kiganja, uchomeke kipande hicho mwishoni na ukaze kwa uzi. Kitachora wiki kadhaa zaidi.