Mvunjiko Usiounga Kando ya Nyonga Bandia

Mtu wa Nachingwea au Ruangwa akipasuliwa mfupa, majirani husema amewekewa vyuma. Barazani neno hilo linatosha. Wodini halitoshi, maana linachanganya vitu viwili. Sahani, skrubu na fimbo ya ndani ya mfupa hushikilia vipande mpaka viungane, kisha vinaweza hata kutolewa. Nyonga bandia huchukua nafasi ya kiungo chenyewe na hukaa humo miaka mingi. Ni heri kutaja nyonga au goti kuliko kusema “kiungo bandia”, ambacho wengi hudhani ni mguu wa kuvaa.

Mwenye nyonga bandia akianguka, paja linaweza kuvunjika pale pale shina la chuma la nyonga hiyo lilipozama. Huo ni mvunjiko wa kando ya nyonga bandia. Ukifika takriban miezi 9 bila kupona, na picha za eksirei za miezi 3 ya mwisho hazioneshi maendeleo, huitwa mvunjiko usiounga. Si sawa na uliochelewa kuunga: huo bado uko njiani, usiounga umekwama.

Umekwama kwa nini? Huenda vipande vinacheza, damu haifiki vizuri, au vijidudu vimeingia. Daktari huanza na vijidudu: hupima damu na kuvuta majimaji ya nyonga kwa sindano. Vikiwepo, mara nyingi nyonga bandia hutolewa, saruji yenye dawa huwekwa kwa muda, kisha huwekwa nyonga mpya. Visipokuwepo, swali ni kama shina limeshika au limelegea. Likiwa limeshika, vipande hubanwa upya kwa sahani na kupandikizwa mfupa uliochotwa kiunoni mwa mgonjwa. Likiwa limelegea, hubadilishwa kwa shina refu linalovuka palipovunjika.

Kazi hii haimalizwi kwa hogo, wala kwa mwunga mifupa wa kijijini. Kutoka wilaya za Nachingwea na Ruangwa, rufaa hupitia Hospitali ya Sokoine, Lindi, na inaweza kumfikisha mgonjwa MOI, taasisi ya mifupa ya Muhimbili iliyoanzishwa mwaka 1996. Anayesafiri abebe picha zake za zamani na karatasi ya upasuaji yenye aina ya nyonga aliyowekewa, ili daktari aandae vifaa vinavyolingana nayo.